Mikono Iliyofuma Sweta za Mama Eliamani

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi. Mlima haujaonekana tangu juzi. Wingu limeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani, na haya manyunyu ya mwezi wa saba hayakulowanishi, yanakuchosha tu.

Nimeketi kitandani na mito mitatu mgongoni, maana nikilala chali napumua kama mtu anayepanda Meru na mzigo. Daktari amesema moyo umechoka. Hakuniambia umebakiza muda gani, nami sikumuuliza. Amenipimia maji: glasi nne kwa siku, na chai imo humo humo. Kwa hiyo kila nikiamka naamua kama leo nitakunywa maji au nitakunywa chai. Leo nilichagua chai. Nimeshaimaliza, na ndiyo kwanza saa sita mchana.

Ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu Upendo mwaka jana. Aliniambia, "Babu, andika chochote, hata kama hasomi mtu." Nimeandika habari za kahawa, za shule nilizofundisha, za miguu kuvimba. Nikisoma nyuma naona nilikuwa nazunguka jambo moja kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Jambo lenyewe ni hili. Sweta za mke wangu nilizifuma mimi.

Wa usharika wetu hapa Poli watakaosoma watadhani ni homa. Wao wanajua kwamba marehemu Mama Eliamani, Aikaeli wangu, ndiye aliyekuwa fundi. Sweta za watoto wa ubatizo, kofia, soksi, na ile mitandio iliyogombewa kwenye mnada baada ya ibada ya mavuno, yote ilitoka kwa Mama Eliamani. Hakufuma hata kimoja. Alijaribu mara moja. Vitanzi vyake vililegea hata ungeweza kupitisha kifaranga. Akacheka, akaniachia.

Mimi nilijifunza nikiwa darasa la tano, shule ya misheni. Kazi za mikono zilikuwa za wote, na wavulana tulifuma soksi zetu wenyewe kwa spoku za baiskeli tulizozisugua kwenye jiwe. Hakuna aliyemcheka mwenzake, kwa kuwa sote tulikuwa na miguu ya baridi. Kicheko kilikuja baadaye, tulipokuwa wanaume. Sijawahi kuelewa. Fundi cherehani ni mwanaume na hakuna anayemwangalia mara mbili. Lakini mwanaume mwenye sindano mbili na mpira wa uzi, huyo ni kichekesho cha kilabuni kwa mwezi mzima.

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa nimepangiwa Oldonyo Sambu. Aika alitoka Machame, baridi ya migombani aliijua, ila ile ya kule, yenye upepo na vumbi, ilimliza. Nikanunua sweta kuukuu gulioni, nikalifumua, nikaufua uzi, nikaanza kumfumia lake. Jioni moja mwalimu mwenzangu alisukuma mlango bila hodi. Sindano zilikuwa mikononi mwangu. Kabla sijajua nizifiche wapi, Aika alikuwa amenipokonya kazi yote na kuiweka mapajani mwake.

"Nilimpa anishikie nikoroge chai," akasema. "Ebu mwone alivyoishika, utadhani kashika nyoka!"

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka.

Uongo wa kwanza ulikuwa wake, na ulimchukua sekunde moja. Mimi niliukalia maisha yetu yote yaliyobaki.

Tulipohamia huku Poli tulikuwa tumeshauzoea, tukaujengea na ratiba. Mvua za masika zikikatika na wingu likikaa mlimani, ndiyo ilikuwa dalili ya kutoa kikapu cha nyuzi. Nikirudi shule, Aika alifunga komeo, akashusha pazia, akabandika chai. Maziwa ya ng'ombe wetu, tangawizi aliyoiponda kwa jiwe, majani aliyoyatia mwisho kabisa na kuyachemsha mpaka rangi ikawa kama ya tofali. Aliimimina kutoka sufuriani kwenye jagi akiwa ameinua mkono juu, nami nilikuwa namwambia siku moja atajiunguza, na hakujiunguza kamwe. Kisha alikaa mkabala nami akinisomea gazeti kwa sauti. Matangazo ya vifo aliyaruka. Nilikuwa nafuma mstari, nakunywa funda, nafuma mstari.

Kando yake alikuwa na sindano zake na vimistari vinne vya uzi wa bluu. Hiyo ilikuwa geresha. Lango likilia, mimi nilisukuma kikapu chini ya kiti chake, naye alishika vimistari vyake vinne. Miaka nenda rudi wageni walimkuta anafuma kitu kile kile cha bluu na hakuna aliyeuliza mbona hakikui. Wakishaondoka tulikuwa tunacheka mpaka chai inapoa.

Ninautamani ule ukimya wa kufuma kuliko ninavyotamani afya. Ninamtamani yeye, sauti yake ikiwa imekwama kwenye jina refu la waziri fulani, na uzi ukipita kidoleni mwangu.

Maana aliponiacha, miaka mitatu iliyopita, ilinibidi niache na kufuma. Marehemu hafumi. Sweta jipya lingeonekana nyumbani kwetu ningesema nini? Kwa hiyo nilizika vyote viwili siku moja, na watu walinipa pole ya kimoja. Upendo hudhani vidole vyangu vinatetemeka kwa ugonjwa. Nikiviangalia vizuri juu ya blanketi naona vinahesabu.

Haya yote yangekuwa hadithi ya kuchekesha kama ingekuwa imeishia hapo.

Sasa sehemu ambayo nimeogopa kuiandika.

Kina mama wa usharika walitaka awafundishe. Ilikuwa haki yao kutaka. Mtu mwenye ujuzi namna ile, na watoto wanatetemeka kwa baridi kila Julai. Mwanzo alisema macho yanamsumbua. Kisha akasema mkono unamgoma mbele za watu. Mwaka mmoja walikuja wanane nyumbani, kila mtu na sindano zake, wakiwa wamedhamiria. Aika akawaona toka dirishani. Aliingia chumbani, akajifunga kanga shavuni, akatoka anaugulia jino. Alilazimika kuugua jino hilo siku tatu, maana walikuwa wanapishana kuja kumjulia hali, na siku zote tatu hakunywa chai yake. Mimi nilikuwa mezani nasahihisha madaftari. Nilisahihisha hesabu za darasa zima, na sikuinua uso.

Baada ya hapo walianza kumsema. Wakasema kashikilia ujuzi kama nyama aliyowekewa mgonjwa. Mwishowe aliacha kwenda kwenye umoja wao wa Alhamisi. Kanisani alihamia benchi la nyuma, karibu na mlango, akisema anapenda hewa. Hakupenda hewa. Alikuwa mtu wa watu, alipenda kukaa katikati.

Kama angekuwa mchoyo, watoto wa mtaa huu wangejuaje kukunja nyota za Krismasi kwa majani makavu ya migomba? Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Kila Desemba walijaa uani, aliwafundisha mmoja mmoja, wakatia nyota zao puani na kwenye uji, na bado aliwaelekeza upya. Lakini nyota za watoto hazihesabiwi. Linalohesabiwa ni sweta.

Mara moja tu aliniomba. "Baba Eliamani, tuwaambie." Nilikuwa mwalimu mkuu wakati huo, na mzee wa kanisa. Nikamwambia tungoje nistaafu. Nilipostaafu hakuniuliza tena, nami nilijifanya nimesahau.

Na nikiri na hili, kwa kuwa nimeshaanza. Nilimwonea wivu. Kuna mnada wa mavuno ambapo wanaume wawili waligombea mtandio wangu wa rangi ya maziwa, ulionichukua miezi miwili, bei ikapanda mpaka watu wakasimama. Aika akaombwa ainuke apigiwe makofi. Aliinuka akiniangalia mimi. Tulipofika nyumbani nilinuna, sikugusa hata chai yake. Nilimwonea wivu kwa sifa niliyomtwisha mwenyewe.

Alhamisi, yaani juzi, alikuja Mama Lightness. Sasa ndiye mwenyekiti wa umoja wa wanawake, lakini mimi nilimfundisha darasa la sita na la saba, na bado akiingia nyumbani kwangu huvuta sketi chini kama mtu atakayekaguliwa kucha.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Aisee mwalimu, umekonda! Au huyu Upendo anakunywa maziwa yako?"

Upendo akajibu toka jikoni kwamba mwalimu anakataa uji kama mtoto wa chekechea. Wakanicheka wote wawili, nikafurahi, maana ni muda mrefu nyumba hii haijasikia kicheko.

Kisha akasema lililomleta. Wanataka kufuma sweta na kofia za watoto wachanga wanaozaliwa msimu huu wa baridi, wawapelekee kwenye zahanati. Nyuzi wamepata. Wasichokuwa nacho ni ujuzi. "Tumekumbuka Mama Eliamani lazima alikuwa na daftari lake la hesabu za vitanzi. Mtu hawezi kuweka mitindo yote ile kichwani. Tupe tu tunakili, mwalimu, tutalirudisha."

Daftari lipo. Liko ndani ya sanduku chini ya kitanda hiki. Kurasa zote zimejaa mwandiko wangu, na kila namba saba ina kistari katikati, kama nilivyomfundisha Mama Lightness kuiandika. Angelifungua angejua kabla ya kumaliza mstari wa kwanza.

Nikasema sijui lilipo. Nikasema huenda liliungua na takataka baada ya msiba.

Kisha akasema taratibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwombea marehemu: "Basi kaondoka nalo. Mama yetu alikuwa mtu mwema, mwalimu, haki ya Mungu. Ila kwa hili la ujuzi wake, Mungu amsamehe, alikuwa mchoyo."

Nami nikatikisa kichwa.

Nilitikisa kichwa kukubali! Mke wangu yuko chini ya udongo hatua hamsini kutoka dirisha hili, na mimi nilikubali.

Jana sikula. Upendo alidhani ni dawa. Nilikuwa najiuliza ninachokiogopa ni nini hasa. Wale ambao wangenicheka kilabuni wamekwisha kufa karibu wote. Nikisema, namnyang'anya Aika sifa ya ufundi aliyozikwa nayo. Nikinyamaza, namwachia jina la uchoyo, na nikishakufa mimi hakuna atakayejua ukweli wa kumvua jina hilo. Nimepima haya mawili tangu jana. Leo, nilipokuwa nakunywa chai, nimegundua kwamba sifa ya ufundi hakuiomba kamwe. Aliloomba ni moja, na nilimwambia tungoje.

Saa nne nilimwambia Upendo avute sanduku. Alilitoa daftari, akalifungua, akaniangalia, akafungua tena ukurasa mwingine. Akanifunika miguu, akatoka nje, na nikamsikia akijipenga kamasi.

Nikampigia simu Mama Lightness.

"Daftari limeonekana."

"Asante Yesu! Lilikuwa wapi, mwalimu?"

"Njoo kesho baada ya ibada. Njoo na wenzako wote. Mje na sindano."

"Sindano? Nani atatufundisha sasa, na mwenyewe hayupo?"

Nilikata simu. Nitasema mtandao ulikuwa mbaya.

Tangu hapo nimejaribu sindano. Miaka mitatu ni mingi. Nimefuma mistari sita, wa tatu umepotea vitanzi viwili, na nimelazimika kupumzika kila baada ya mstari kama mtu aliyebeba maji. Lakini vidole vimekumbuka njia. Nikainua macho kumwonyesha aliyekaa mkabala nami, na kiti kikawa kitupu.

Sasa naandaa somo la kesho. Pumzi yangu haitoshi kwa maelezo marefu. Huenda nikasema sentensi mbili nikaanza kukohoa, na wakanizuia kwa huruma, nami siwezi kukubali kuzuiliwa kabla ya lile la lazima. Kwa hiyo sitaanza na Oldonyo Sambu wala na spoku za baiskeli. Nitaanza hivi: Aikaeli hakuwa mchoyo. Aikaeli hakujua kufuma.

Nikibakiwa na pumzi, nitawaeleza jinsi chai yake ilivyokuwa.