Mistari ya Zambarau Kifuani Mwako

Mpendwa Baba Mwanasha,

Nimo edani, mwezi wa pili sasa. Mwanasha wetu alikaa nami wiki tatu, kisha nikamwambia arudi kwa mumewe Kisauni, na kweli akarudi. Nyumba hii ya Mtongwe imekuwa kubwa mno kwangu. Naiacha redio iseme peke yake mchana kutwa. Upweke wa namna hii sikuujua.

Naikumbuka Nairobi. Daktari alisema uvimbe ni mdogo, haujatoka pafuni, lakini vumbi la kiwanda cha Changamwe na sigara zako vilikuwa vimekidhoofisha kifua, usingestahimili kupasuliwa. Wangeulenga kwa miale, hapo hapo tu, siku tano kwa wiki. Wakakuchora mistari ya zambarau ili mashine ijue pa kupiga, wakakwambia isifutike. Nawe ulinieleza, sikusingizii.

Lakini Ijumaa ya kwanza ikafika, nikahofia wino utazuia maji yasifike ngozini, josho lako la Ijumaa lisitimie. Nikakusugua kwa dodoki na sabuni mpaka ukang'aa. Hospitalini wakakitazama kifua kitupu, wakatuambia turudi Jumatatu wapime upya. Miale ya siku ile ikakupita. Nililia njia nzima, wewe ukacheka mpaka ukakohoa.

"Mama Mwanasha, umenitakasa hata daktari hajui anitibu wapi."

Tangu hapo nikawa nakuogesha kwa kitambaa, naizunguka mistari. Ukapata nafuu, tukarudi nyumbani, ukalima mihogo yako na kunitania miaka minne. Kisha kikohozi kikarudi. Sikumuuliza daktari kama ni kwa sababu ya siku ile moja, niliogopa angenijibu. Wewe nawe hukuitaja tena, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana najua ulikuwa ukinisitiri.

Ulipofariki, ndugu yako alitaka wanaume wakuoshe. Nikasema mimi ni mkeo, nitakuosha mwenyewe, yeye animiminie maji. Nikaosha mabega, nikashuka kifuani. Mistari ilikuwa imefutika miaka mingi, lakini mkono wangu ukapita kando.

"Hapo bado, shemeji," akaniambia taratibu.

Nikapaosha. Nilikawia hapo kuliko mahali pengine pote.

Nisamehe josho lile la kwanza, mume wangu. Nakuacha kwa Mola wako, ukiwa safi.

Mkeo,
Mama Mwanasha