Sahihi ya Baba Mdogo

Durban, Jumapili, 6 Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza yote, hata yanayonitia aibu. Sisi ni wazima. Mgongo wako je, bado unakusumbua ukiinama kwenye cherehani? Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu hapa Albert Park ni kimoja, na Baba Mdogo husikia kila neno.

Dukani kwake, akiwa hana simu ya kutengeneza, huwa anaangalia video za watu wa nchi za baridi wakiendesha pikipiki za theluji msituni. Nami nimeambukizwa. Theluji hapa hatuna, kwa hiyo nilipofaulu mitihani alinipeleka kwenye msitu wa serikali nje ya mji, wanakokodisha pikipiki za magurudumu manne. Ilikuwa jana.

Getini kuna ubao wa sheria. Nilizisoma mara mbili: uvae helmeti, usitoke kwenye njia yenye alama, ukikutana na farasi uzime injini mpaka apite, na wanaotembea kwa miguu uwapishe.

"Eish, mwalimu," Baba Mdogo akacheka, "unafanya mtihani mwingine?"

Sheria ya mwisho ilisema aliye chini ya miaka kumi na sita haendeshi mpaka mzazi wake atie sahihi. Baba Mdogo akachukua kalamu, akaandika jina lake kwenye fomu, palipoandikwa "baba".

Askari wa msitu, mama mmoja mpole, alikuwa ananifunga helmeti kidevuni. Akaniuliza, kwa mazungumzo tu, baba yangu anafanya kazi gani.

"Ni fundi cherehani," nikasema. "Yuko Kigoma."

Mikono yake ikasimama. "Na huyu?"

"Huyu ni mdogo wake tu."

Akaifungua helmeti. Baba Mdogo akamwambia, "Dada, kwetu mdogo wa baba ni baba. Huyu nimemlea tangu ana miaka tisa."

"Hata kwetu Wazulu ni hivyo hivyo, kaka. Lakini akianguka huko msituni, nitakayeulizwa ni mimi." Akaikata fomu kwa mstari mmoja, akasema turudi na barua ya baba mzazi.

Baba Mdogo hakunigombeza. Tulipofika nyumbani akaniuliza jambo moja: "Kumbe mimi ni mdogo wake tu?" Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Baba, ulinifundisha kusema kweli, na kweli niliisema. Lakini yeye pia hakusema uongo. Ndiye anayekuja kwenye mikutano ya wazazi shuleni, na nilipofika huku na malaria ndiye aliyekaa kitini mpaka homa ikashuka. Lile neno "tu" ni langu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Tangu jana hajafungua zile video.

Kuendesha bado nataka, ila siku hizi mbili si hilo ninaloliwaza.

Nisalimie Mama, na shangazi anayekukatia vitambaa. Bibi mwambie sweta aliyonifumia bado inanitosha, mikono tu ndiyo imekuwa mifupi.

Ni mimi binti yako Zaituni, na jibu la swali hili nitalisoma kwa sauti Baba Mdogo akiwa amekaa mbele yangu: je, utaiandika barua ile kwa mkono wako, useme kwamba huku Durban baba yangu ni yeye?