Mazoezi Yamemfungua Nayibe Mdomo

Maritza shoga yangu, nimeaibika mbele ya bustani nzima!

Si unajua binti yangu Nayibe kanuna wiki tatu? Miaka kumi na tano, uso kama wa mjane. Mshauri wa shule akaniambia, "Mama, auchangamshe mwili, na moyo utachangamka." Basi leo Jumapili nikamkokota hadi bustanini, kwenye yale mazoezi ya viungo ya bure yanayofanywa kwa muziki.

Mimi dakika ya tano nahema. Yeye nusu saa anaruka na kucheka! Nikajiona daktari, nikawatangazia wanawake wote: "Mnaona? Huzuni yake ilikuwa uvivu tu!"

Uvivu, Maritza. Kwa mdomo wangu huu.

Akasimama, jasho linamtiririka. "Sikuwa mvivu, mama. Ulisoma ujumbe wangu kwenye simu ukamsimulia shangazi Rocío, mkacheka. Sikuwa na nguvu ya kukwambia. Sasa ninayo."

Ninayo! Hata Doña Ofelia muuza vyakula aliacha kugeuza mikate yake ya mahindi, zile arepa, ili asikie vizuri, zikaungua!

Nilitaka kubisha, lakini ni kweli tulicheka. Nikamwomba radhi palepale, huku mwalimu akifoka kwenye kipaza sauti: "Magoti juu, mabibi! Tabasamu!"

Njiani nikamuuliza kama ana mengine moyoni.

Kasema, "Jumapili ijayo nakimbia kilomita tano; nikimaliza, utayasikia."