Jiwe Ambalo Mama Mkwe Aliliona Kabla Yangu

Nyakisasa, Alhamisi, 22 Mei

Mvua zimetuaga wiki hii. Leo barabarani kumetimka vumbi la kwanza la kiangazi, na jioni baridi ya vilima imeshuka mapema hadi nikatoka uani na koti. Anga safi kabisa. Moyo wangu sio sana.

Nimesema kweli leo, na bado sijui kama nimefurahi.

Nianzie Jumamosi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mwezi huu jiwe moja kubwa liitwalo Vesta, mojawapo ya yale mengi yanayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, limesogea kiasi cha kuonekana kwa darubini ya mkono. Yangu niliinunua kwenye mitumba Ngara mjini, kioo kimoja kina mkwaruzo. Ukilitazama, jiwe hilo halina tofauti na nyota. Unalijua kwa jambo moja tu: nyota wenzake hukaa, lenyewe huhama kidogo kila siku. Kwa hiyo unachora nukta zote unazoziona, kesho yake unachora tena, kisha unatafuta iliyohama. Nikawa natoka uani kila saa mbili usiku na karatasi zangu za grafu.

Mama mkwe hukaa mlangoni pa jiko saa hizo, akipukuchua maharage na kunipa mgongo. Yuko kwetu tangu mwaka jana, alipotumbukia kwenye shimo la migomba shambani kwake Biharamulo, akalala humo hadi majirani walipomkuta asubuhi. Ilikuwa mtoto wa jicho. Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji miezi miwili iliyopita, na tangu bandeji itolewe anasema anaona, arudishwe kwake. Mke wangu Jenerosa hamwamini. Anasema mama yake angedai anaona hata akifunikwa gunia. Wameshanuniana mara tatu kwa ajili hiyo.

Kwao na kwetu pia, mwanamume hakai benchi moja na mama mkwe wake, wala hawapeani kitu mkononi. Katika miaka kumi na moja ya ndoa, ukiondoa shikamoo na marahaba, maneno yake yote kwangu yamepitia kwa Jenerosa.

Jumapili mama alimtuma Jenerosa aniulize natafuta nini huko juu. Nikamweleza mke wangu kwa sauti ya darasani, ili wa mlangoni asikie. Jenerosa akacheka, akasema sisi wawili ni vituko. Jumatatu nikaiacha darubini juu ya kigoda, nikaingia ndani. Nilipotoka ilikuwa palepale, bado ina joto la mikono yake. Ikawa ndiyo zamu yetu: mimi, kigoda, yeye.

Leo Jenerosa alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikachora, nikampisha mama kigodani kama kawaida, kisha nikarudi nikalinganisha karatasi zote. Nukta niliyoizungushia duara tangu Jumamosi haikuwa imehama hata kidogo, na mimi nimeshawatangazia Kidato cha Tatu kwamba nimelipata jiwe. Nikaanza kulaumu mkwaruzo wa darubini.

Ndipo mama akaongea. Bila mtu wa kati.

"Baba, hiyo yako haitembei. Njoo uone kwenye ungo."

Akauweka chini, akasogea mbali, ndipo nikaenda. Kumbe siku zote hizo amekuwa akiuficha uvunguni. Alikuwa amepanga maharage mekundu, kila moja nyota yake, na katikati yao harage moja jeupe. Chini ya lile jeupe kulikuwa na alama tatu za mkaa, zikipanda moja baada ya nyingine: Jumatatu, Jumanne, jana. Nikachukua darubini. Nyota zilikaa kama alivyozipanga. Na pale penye harage jeupe palikuwa na kinukta ambacho mimi nimekuwa nikikichora kila siku pembeni mwa karatasi bila kukijali.

Nimesoma chuo kikuu. Yeye hajawahi kukaa kwenye dawati.

"Mwambie mwenzio naona," akasema kutoka gizani. "Wewe atakuamini. Shamba langu limekuwa pori, baba."

Nikaitikia sawa, mama. Kisha nikakunja karatasi zangu, nikatia mfukoni, nikakusudia kunyamaza. Ungo wenye maharage, nani angeuliza?

Ngoja nikiri. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu. Tangu huyu aje, nikichelewa kurudi kuna mtu anayekohoa chumbani, ili nijue amesikia nimefika. Kuna kiazi kinachoachwa mezani kimefunikwa kwa jani la mgomba, na hakuna anayesema ni cha nani. Nina miaka arobaini na moja, na hicho kiazi nakipenda kupita kiasi. Kila Jenerosa alipomkatalia mama kuondoka, mimi nilimuunga mkono. Sababu yangu haikuwa jicho.

Jenerosa aliporudi kutoka kwaya alinikuta jikoni. Akauliza kama mama amekula. Nikajibu amekula. Halafu nikatoa karatasi mfukoni, nikamwonyesha na ungo, nikamweleza mambo yote.

"Una hakika?"

"Anaona kuliko mimi."

Akakaa chini, akalia, nikamshika mkono. Kisha akaenda kugonga mlango wa mama yake. Nimewasikia wakiongea Kisubi muda mrefu, na mara moja wakicheka.

Jumamosi asubuhi anaondoka. Jenerosa atakwenda naye hadi nyumbani, mimi nitamuaga nikiwa nimesimama kando, mikono yangu kwangu. Nimekaa hapa natafuta jinsi ya kumshukuru kwa kuwa mama yangu mwaka huu mzima, kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kumtuma mtu. Mkwe hulisemaje neno hilo?