Golikipa Aliyetolewa kwa Mpira Mmoja

Baraka, Jumamosi tarehe 20 Septemba 2003

Kwa Yaya Henri, kambi ya Lugufu, Tanzania

Yaya wangu mpendwa, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimia sana, wewe na wifi yangu Aline na batoto wote. Naomba karatasi hii iwakute wazima, na kile kikohozi cha mdogo wenu kiwe kimekwisha. Je, mlipata turubai jipya kabla ya mvua? Sisi huku tungali hai. Mguu wangu wa kushoto unauma asubuhi, lakini nikishazunguka jikoni unanyamaza. Ndagala za ziwani zinapatikana kidogo, na muhogo wa shamba la mama umekomaa. Nikisema tuko wazima nasema ule uzima wa kwetu, unaujua.

Barua yako ya mwezi wa sita niliipata. Idi mwenye boti alinitilia mkononi mwenyewe, hakumpa mtu mwingine. Nimekaa nayo miezi mitatu bila kujibu, na najua umeona ni dharau. Haikuwa dharau, Yaya. Wakati ule askari walikuwa wanafungua barua zote pale bandarini, wakazisoma kwa sauti na kucheka, na mambo uliyoniuliza hayakuwa ya kusomwa na askari. Sasa wameondoka. Walipanda boti mwisho wa mwezi wa nane, komanda wao ametangulia na kiti chake cha plastiki kichwani mwa mtu. Basi leo nakujibu yote.

Uliandika kwamba wapenzi wa timu yetu Étoile walioko Lugufu walikutana, wakamhukumu rais wake Isidore. Kwamba rais gani wa klabu anatoa golikipa katikati ya msimu, timu ikiwa ya kwanza, akapokea mpira mmoja na mzee mwenye goti bovu. Ukaniagiza nimwambie kuwa urafiki wenu wa tangu darasa la kwanza umekufa, kwa sababu golikipa yule ni mtoto wako Jérémie, uliyeniachia amalize masomo, na hakuna aliyekuuliza wewe baba yake. Agizo hilo sikulifikisha. Soma kwanza.

Mechi za aller, za mzunguko wa kwanza, tulizimaliza mwezi wa pili tukiongoza, Sangala ya bandarini wakitufuata kwa pointi moja. Mtoto wako alikuwa amefungwa mabao matatu tu katika mechi tisa. Hapa kwangu malewa, mgahawani, wanaume walikula sombe yangu ya majani ya muhogo bila kuisikia ladha, kwa kubishana nani ataongezwa kabla ya retour. Sangala ndio walianza kutangaza. Walimchukua Merveille, kijana wa mguu wa kushoto kutoka Makobola. Unajua ya Makobola, watu walivyouawa. Kwao alikuwa amebaki peke yake, na Sangala walimpa familia ya kukaa nayo. Siku aliyojaribiwa uwanjani hata watu wetu walisahau wako upande gani, wakapiga makofi. Bahati, yule fundi baiskeli aliye mkubwa wa wapenzi wetu, alirudi hapa ameinamisha kichwa, akasema Sangala wamepata mvua, sasa Étoile itafute mwavuli. Kila mchana aliuliza: sisi tunaleta nani?

Ijumaa moja jibu likafika. Étoile hailetewi mtu. Étoile imetoa. Jérémie amekwisha kupanda Fizi tangu jana, sasa ni wa Aigle, timu ya huko, na sisi tumepata mpira mmoja wa ngozi pamoja na mzee Raphaël, golikipa wao wa zamani, ambaye akiinama kuokota mpira utadhani anatafuta sindano.

Yaya, sijapata kuona mji ukikasirika vile kwa jambo ambalo si risasi. Labda ndiyo sababu. Kwa risasi hatukuwa na ruhusa ya kukasirika. Watu walisema tumetoa ukuta tukapewa chujio. Wengine waliapa kwamba Isidore amelishwa na Sangala, ndiyo maana wao wanaongeza na sisi tunapunguza. Jumapili tukacheza na hao hao Sangala. Wakatufunga manne kwa bure, sisi hata moja, mawili ya Merveille, na mzee Raphaël akatolewa nje amebebwa.

Kutoka uwanjani watu hawakurudi makwao. Walikwenda moja kwa moja kwa Isidore. Jua lilikuwa bado kali. Walirusha mawe juu ya mabati mpaka mabati mawili yakaanguka ndani, mkewe Pulchérie akiwa humo. Isidore akatoka, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi. Wakamwuliza amekula na nani. Hakujitetea. Alisema tu, "Ni miye nilitia sahihi. Kosa iko yangu." Jiwe moja likampata juu ya jicho la kushoto. Jicho hilo mpaka leo halioni vizuri, na tangu siku ile hajakanyaga uwanjani, yeye aliyekuwa anafika kabla ya wachezaji.

Sasa nikuambie yale ambayo Lugufu hamkuyajua.

Sekretari wa komanda alikuwa anakula kwangu kila mchana. Jumanne ya juma lile aliweka karatasi yake mezani, akaenda kunawa mikono. Nilipokuja kutandika sahani, macho yakaangukia maandishi. Kichwa cha karatasi kilisema vijana wenye afya, tayari kwa mafunzo, wachukuliwe juma linalofuata. Ulipata kusikia mafunzo yao ni nini: wiki mbili za kuchapwa, kisha milimani, mbele ya wenye bunduki nzuri. Walikuwa wanachagua kwenye timu, kwa sababu ndiko walikoona miguu yenye nguvu. Jina la kwanza juu ya karatasi ile lilikuwa la mtoto wako.

Nilimaliza kumhudumia. Nilimwongezea hata bugali. Alipoondoka nikavua kitambaa cha jikoni, nikaenda kwa Isidore pale shuleni anapofundisha, nikamweleza nikiwa nimesimama. Kumficha Jérémie haingewezekana. Wangechoma nyumba yangu na kumtafuta. Kumpitisha barabarani bila karatasi, barieri ya kwanza tu ya askari ingetosha kumkamata. Ni Isidore aliyewaza habari ya kumhamisha klabu. Alisema mchezaji anayehamia timu nyingine ni mtu mwenye sababu ya kusafiri.

Alisubiri Alhamisi, siku ambayo sekretari, mwenye ile karatasi ya majina, alikuwa anashinda bandarini kupokea mizigo. Akaenda peke yake kwa komanda na barua yenye muhuri wa klabu. Komanda yule alipenda mpira kuliko chakula, na juu ya kila mchezaji wa Baraka alikuwa na neno. Alipoisoma barua alishangaa, akasema Étoile wamepata wazimu, huwezi kumwachia golikipa kama yule. Ikabidi Isidore amseme vibaya mtoto wako, Yaya. Alisema ni mvivu, ana kiburi, mikono yake imeanza kulegea, na inafaa kumtoa haraka kabla Aigle hawajalijua hilo. Komanda akacheka, akamwambia, "Président, batakupiga majiwe." Isidore akajibu kwamba hayo ni kati yake na watu wake. Muhuri ukapigwa.

Jérémie aliondoka saa ile ile kwa baiskeli, viatu vya mpira vimefungwa shingoni ili waone. Barieri ya kwanza akapita. Ya pili, askari mmoja aliyekuwa mpenzi wa Étoile alimshika muda mrefu, si kwa kumshuku bali kwa kumsihi asiihame timu. Mtoto aliniambia baadaye kwamba pale ndipo alipoogopa zaidi, kwa sababu askari wengine walianza kusogea kusikiliza. Huko Fizi alicheza mechi moja. Kabla ya ya pili akatoweka, akashuka Lubondja kwa wajomba zake, na huko yuko mpaka sasa, analima mihogo na karanga. Yuko hai, Yaya. Nilimwona juma lililopita kwa macho yangu. Ameota ndevu kama zako, na anawasalimu.

Basi hukumu ya Lugufu ifuteni. Isidore hakuuza mtoto wako. Mimi ndiye niliyemwomba, naye alichukua mawe ili siri isitoke, maana kama ingejulikana, komanda angeanza na nyumba yangu. Na siku ile ya mawe mimi nilikuwa pale, katikati ya watu. Niliogopa kwamba nikibaki nyumbani watauliza kwa nini shangazi wa golikipa hana hasira. Nilikwenda na nikapiga kelele kama wao. Nilisema "Mwizi." Pulchérie aliniona kupitia dirisha, akaniangalia, akageuza uso. Hajanisema kwa mtu mpaka leo.

Kama yangekuwa hayo tu, ningemaliza hapa nikuombe msamaha. Bado liko moja, na hilo ndilo lililonikosesha kula.

Majina kwenye karatasi ile yalikuwa matano. Niliyasoma yote. Jérémie. Bienfait na Shukuru wa kwetu. Merveille na Bonaventure wa Sangala. Siku ile shuleni, nilipomaliza kueleza, Isidore aliniuliza swali moja tu: "Florentine, kwenye ile karatasi iko majina ya bengine?" Nikamjibu kwamba hapana, niliona la Jérémie peke yake.

Nilijua ninachofanya. Niliwaza kwamba wachezaji watano wakihama juma moja, hata komanda mpumbavu angeelewa, angefunga barabara, na mtoto wako angerudishwa pamoja nao. Huenda niliwaza sawa. Lakini Isidore ana akili kunishinda, na sikumpa nafasi ya kuwaza. Tena kulikuwa na boti, kulikuwa na mlima, kulikuwa na siku sita nzima. Bienfait ni mtoto wa Constance. Jiko lake na langu vinagawanywa na ukuta wa udongo, nikikohoa ananipa pole. Lingetosha neno moja kupitia ukuta ule.

Jumanne iliyofuata askari waliuzunguka uwanja wakati wa mazoezi. Waliwachukua wanne waliobaki vile vile na jasho lao, Bienfait akiwa amevaa kiatu kimoja. Merveille yule tuliyemsifu wote, mvua ya Sangala, alipandishwa gari akiwa ameshika mpira mkononi, na hakuna mtu wa kwao wa kumlilia. Mpaka leo hatujui yeye na Bonaventure wako wapi. Shukuru alitoroka, akarudi mwezi wa nane amekonda kama fito. Ndiye aliyeleta habari kwamba Bienfait alikufa milimani kwa homa, wakamfunika kwa mawe kwa kuwa hapakuwa na jembe. Constance alianguka hapa uani kwangu. Mimi ndiye niliyemshika.

Tangu Shukuru arudi, watu wameanza kuhesabu siku. Wanasema Isidore alimtoa Jérémie siku tano kabla ya wengine kuchukuliwa, kwa hiyo alijua. Wanasema aliokoa mtoto wa rafiki yake, akawaacha wengine, na labda ni yeye aliyepeleka majina kwa komanda. Bahati amewaita wapenzi wa klabu zote mbili wakutane uwanjani kesho baada ya misa. Hawatabeba mawe safari hii, nimesikia watabeba mapanga. Na Constance, ambaye hajawahi kuua hata nyoka, ameniambia asubuhi hii kwamba atakuwa mbele.

Nilikwenda kwa Isidore juzi kumwambia aondoke. Amekataa. Alisema aliyekimbia anakubali kosa. Kisha aliniangalia kwa lile jicho moja, nikajua kwamba anajua. Shukuru amekwisha kumweleza jinsi majina yalivyoitwa kutoka kwenye karatasi moja, la Jérémie likiwa la kwanza. Lile swali lake hakulirudia. Angelirudia ningepata nafuu.

Kwa hiyo, Yaya, sikuombi shauri. Nikimaliza mstari wa mwisho nitampelekea Idi barua hii, kisha nitapita mlango wa mbele wa Constance, si ukutani, nimwambie mimi mwenyewe kabla hajasikia mbele za watu. Kesho nitasema uwanjani. Ukitaka kuniandikia kunizuia, usiharibu karatasi. Barua yako itakuta nimekwisha kusema. Hiyo karatasi mwandikie Isidore.

Nikipatwa na neno, Jérémie anajua njia ya kuja kwenu, na Idi ameahidi kumvusha. Wifi Aline asiniombee niwe na nguvu. Aniombee nisigeuke nikifika mlangoni. Wasalimu wazee wa kwetu walioko huko, wasalimu batoto mmoja mmoja kwa jina, na wewe pokea heshima zangu zote.

Ni miye mdogo wako,
Florentine