Siku Niliyodanganya Kwamba Najua Kuogelea

Jumapili alasiri, Lodwar. Joto halina huruma leo. Nimemwaga maji sakafuni, nimeketi papo hapo na kompyuta mapajani, na upepo unazidi kuleta vumbi kupitia dirisha nisilotaka kulifunga. Mwili uko hapa. Moyo uko Norwe, kwenye mto ambao jina lake sijawahi kuweza kulitamka.

Jana nilikuwa Kakuma kikazi. Nilimaliza mapema nikaenda kumjulia hali Shangazi Furaha, mama Mkongo aliyemlea rafiki yangu Bahati. Mimi, Bahati na Deng, kijana wa Sudan Kusini, tulisoma darasa moja pale Kakuma. Baba yangu alikuwa karani mjini. Wao walikuwa wa kambi ya wakimbizi. Baadaye wenzangu wakahamishiwa Norwe, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikabaki na picha zao za theluji kwenye simu.

Miaka saba iliyopita nikapata nafasi ya kusoma huko mwaka mmoja. Bahati alinipokea uwanja wa ndege akiwa tayari na mpango: kiangazi tungeshuka mto kwa kayaki, mitumbwi myembamba ya mtu mmoja mmoja, sisi watatu.

Naikumbuka safari ile mpaka harufu yake. Misonobari iliyolowa. Deng akichemsha strungi kwenye sufuria nyeusi, akilalamika kwamba majani ya chai ya kule hayana nguvu. Tulisonga ugali kando ya mto kwa unga niliotoka nao nyumbani, tukaimba wimbo wa shule kwa sauti mbaya kabisa. Jua lilikataa kutua na sisi tukakataa kulala. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa na haja ya kitu kingine duniani.

Asubuhi ya kwanza mwalimu wa kayaki, mwanamke mrefu mwenye mvi, alituuliza: "Wote mnajua kuogelea?"

Bahati akainua mkono. Deng akainua.

Nikainua na mimi.

Mimi, mtoto wa Turkana! Mto wetu Turkwel miezi mingi nauvuka nikiwa nimeshika viatu mkononi. Niliona aibu, basi. Niliogopa kuachwa kando ya mto nikilinda mifuko huku wenzangu wakienda. Na siku ya mazoezi, kila mmoja alipopinduliwa makusudi kwenye maji yaliyotulia ili ajifunze kutoka, nilisema nina homa.

Siku ya tatu tuliingia sehemu ya mawe. Maji yalikuwa meupe, yakinguruma kama lori la mizigo. Nilifurahi, nikapiga kelele, kisha kayaki ikagonga jiwe na dunia ikageuka chini juu.

Sikujua kwamba baridi huchoma. Maji yale yalikuwa theluji wiki chache tu nyuma. Kiunoni nilikuwa nimefungwa sketi ya mpira inayoziba tundu la kayaki. Ukipinduka unavuta kitanzi chake, unatoka. Kila mtu alikifanyia mazoezi kile kitanzi isipokuwa mimi. Nilikuwa kichwa chini, nimekwama kati ya mawe mawili, nikipapasa kila mahali ila pale.

Bahati aliiacha kayaki yake akaja. Alikivuta kitanzi, akanisukuma juu, na hapo maji yakaibamiza kayaki yangu kwenye mkono wake. Nilimsikia akilia kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo tena. Deng alituvuta kwa kamba. Bega la Bahati lilikuwa limetoka mahali pake.

Bahati alikuwa kipa wa timu ya mji wao. Hakurudi golini.

Watu wote walisema ni mto. Nami nikawaacha waseme.

Jana Shangazi Furaha alinimiminia chai, akaketi. "Ule mutoto hata leo hawezi kuinua mukono mupaka juu," akasema. "Nikimuuliza, ananiambiaka ni mto tu. Weye ulikuwa kule, Akiru. Ilikuwa je?"

Sijui kwa nini jana. Labda kwa sababu aliniuliza mimi, kwa jina langu. Nilimwambia yote: mkono nilioinua, homa ya uongo, kitanzi.

Alikisogeza kikombe chake kando.

"Miaka saba," akasema. "Na miye ndio wa kwanza kusikia? Haiko miye wa kuambia hii maneno. Piga simu."

"Shangazi, nitampigia nikifika nyumbani."

"Piga. Hapa."

Nikapiga. Bahati alitokea kwenye skrini akiwa na aproni. Anapika kwenye mkahawa. Alimwona shangazi yake, akacheka kwa furaha. Kisha nikasema. Nilisema haraka, macho chini, na nilipoyainua kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake.

"Kwa hivyo ulipokuwa chini ya maji," akauliza polepole, "ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Aligeuka pembeni. Nilisikia sahani zikigongana nyuma yake.

"Nimekasirika, Akiru. Sitakuficha," akasema. "Ningekuja tu, hata ungesema ukweli. Lakini ningekaa karibu nawe tangu mwanzo. Wacha nikasirike kwanza. Nitakupigia wiki ijayo."

Shangazi Furaha alinisindikiza mpaka kwenye gari la ofisi. Hakunilaumu, hakunibembeleza. Alinifungia mlango tu, akagonga bati mara mbili dereva aondoke.

Tangu jana nimeandika jumbe nne za kuomba radhi na kuzifuta zote. Ameomba wiki moja. Ni haki yake, na sitamharakisha.

Jumapili ijayo simu ikilia, nitapokea. Isipolia, nitapiga mimi.