Mtu wa Itiryo

Kisiwani, mwezi ukiwa mchanga

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta umekaa chini, maana Mama ameniambia mguu haujapona na wewe unautumia kama vile haukuvunjika. Uvimbe umepungua? Unapata usingizi? Na lile dume jekundu lililokukanyaga, bado liko zizini au hasira zako zimeshalifikisha mnadani? Mimi ni mzima. Malaria ilinishika wakati wa mvua, ikapita. Nakula, nalala, nguo zangu nafua mwenyewe.

Najua anayekusomea ni shemeji Gati. Shemeji, tafadhali soma yote, hata pale Mzee atakapokuambia uruke.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuzungumzi. Wewe unasema, mimi naitika "ndiyo Baba," halafu mtandao unakatika nikiwa nimeonekana kukubali jambo ambalo sikulikubali. Mara ya mwisho uliniuliza nitarudi lini nyumbani. Ulisema mzaliwa wa kwanza hakai majini. Mdogo wangu Chacha yuko Sirari na mitumba yake, mguu wako hauwezi tena kufuata ng'ombe, na mimi niko huku nawahubiria watu wasiotujua. Hilo ndilo swali, na sijalikimbia. Nitalijibu humu humu, ila kwanza nikueleze ninavyoishi, maana hujawahi kuniuliza.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukipanda juu kwenye mawe unaona maji kila upande, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtu wa milimani anaweza kupata kizunguzungu akiwa amesimama palepale. Nyumba nyingi ni za mabati, nyingine za turubai. Boti kutoka Musoma huja ikipata mzigo. Watu ni Wajita, Wakerewe, Wakara, Wasukuma, na wengine wa kila mahali waliofuata dagaa. Kanisa letu lina paa zuri na kuta tatu. Ya nne wanasema itakuja. Mimi nalala chumba cha nyuma, pamoja na mabenchi ambayo hayajapigiliwa miguu.

Chuo cha Biblia walinifundisha mambo mengi, lakini hawakuniambia kwamba kuna mahali watu hawafuati Jumapili, wanafuata mwezi. Mwezi usipokuwepo, wanaita giza, na giza ndiyo kazi. Wanaume huondoka jioni na mitumbwi na taa zao, dagaa wanafuata mwanga, asubuhi wanarudi wamechoka na wanalala mchana kutwa. Wanawake ndio wanaoanika dagaa kwenye mchanga na juu ya mawe. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawaziamini taa tena, basi nyavu zinashonwa, watu wanaoga, wanaoana, wanapigana, na wanakuja kanisani. Kwa hiyo mimi nina Jumapili za kujaa hadi nje, na nina Jumapili za bibi watatu, mmoja wao akiwa haisikii sauti yangu vizuri.

Wiki yangu ya kwanza nilikuta rimu ya gari imening'inizwa kwenye mti karibu na kanisa. Nikasema asante Mungu, kengele ipo. Jumapili asubuhi, jua linawaka, nikaigonga kwa nguvu zangu zote. Baba, kisiwa kizima kilitoka mbio. Wanawake walikuwa wanakumbatia dagaa na kuwatupa kwenye turubai, wanaume wametoka usingizini na bukta, watoto wanalia. Hakuna hata mmoja aliyekuja upande wangu. Huku chuma hicho hugongwa kwa sababu moja tu, mvua inakuja. Walipoangalia juu na kuona mbingu safi, waliniangalia mimi. Mama Nyangeta, mjane wa Kijita ambaye ndiye msemaji wa wanawake wote wa mwaloni, pale ufukweni dagaa wanaposhushwa, alinifuata akiwa bado na ungo mkononi.

"We mwalimu, mvua yako iko wapi?"

Nilimwambia nilikuwa naita watu kwenye ibada.

"Basi ukiita mvua na ibada kwa chuma kimoja, siku moja tutakuacha wewe na mvua yako. Tafuta mdomo, uite kwa mdomo."

Sasa naita kwa mdomo. Lakini chuma wamenikabidhi mimi, na hiyo ndiyo huduma yangu kubwa kuliko mahubiri. Siku za giza, mchana, wanaume wamelala na wanawake wameinamisha vichwa, anayeangalia mawingu ni mwinjilisti. Nikigonga, sheria yao ni kwamba unaanua dagaa walio karibu na miguu yako, si wako. Wako ataanua mwingine. Nimewaona wanawake wawili wasiosalimiana wakikunja turubai moja, huyu pembe hii, yule pembe ile, bila neno. Mvua ikipita wanaendelea kutosalimiana. Nimehubiri juu ya upendo mara nyingi na sijapata mfano mzuri kuliko huo, ila sithubutu kuutaja kanisani kwa sababu wote wawili huwa wamekaa mbele.

Kazi nyingine ni kutembelea watu. Hapa nilianza kwa kufanya kama ulivyonilea. Kwetu ukimkuta mtu njiani humwachi apite mpaka ujue ni wa nani na ni wa wapi. Huku nilipouliza "wewe ni wa nani?" wengi walicheka, wengine walikasirika. Wanaume wa kambi wana majina ya kupachikwa tu, hakuna anayejua jina alilopewa na mama yake. Mmoja tulimwita Mrefu. Alikuwa mrefu kweli, akiingia kanisani anainama. Ndiye aliyenisaidia kuezeka paa. Kila nilipomuuliza kwao wapi alijibu, "Kwetu ni hapa." Nilijaribu kumchokoza kwa Kikurya, maana kuna namna alivyotembea nyuma ya mbuzi iliyonikumbusha nyumbani. Aliniangalia kama mtu asiyeelewa, akaniomba misumari.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita, Jumapili ya giza, mchungaji wetu wa Tarime alikuja bila taarifa. Alikuta bibi watatu.

"Mwita, hawa ndio waumini wako?"

"Hawa ni wa giza, Mchungaji. Wa mbalamwezi wamelala."

Hakucheka. Baada ya ibada tulikaa kwenye benchi, akaniambia anafikiria kukifunga kituo hiki. Issenye wanahitaji mwinjilisti, akasema, pale kuna sekondari, vijana ni wengi, na Jumapili ni Jumapili. Toka Issenye ningeweza kuja nyumbani Nyamwaga mara kwa mara na kukusaidia.

"Halafu," akasema, "baba yako alikuja kuniona."

Nilimwambia atakuwa amekosea mtu. Baba yangu huingia kanisani siku ya harusi tu, na ofisi hiyo haijui.

"Alikuja na bodaboda, mguu umefungwa ubao. Nikampa kiti akakataa. Akasema, nirudishieni mwanangu, niliwaazima tu."

Baba, kwanza nilisikia hasira, sikufichi. Ulikwenda kuniombea ruhusa kama mtoto wa shule, bila kuniambia. Halafu nikaifikiria ile barabara ya Nyamwaga hadi Tarime, mashimo yake, na wewe nyuma ya pikipiki na mguu huo. Ilinibidi nitoke nje nikasimame upande wa kanisa usio na ukuta. Sikujua kama unanihitaji kiasi hicho. Hujawahi kusema.

Hapo hapo nikaona wingu linatoka upande wa Ukerewe, nikakimbilia chuma. Mchungaji naye akajikuta kwenye mchanga na suti yake, akizoa dagaa wa mtu asiyemjua, na Mama Nyangeta anamfokea, "Mzee, unawavunja! Zoa taratibu!" Tulipomaliza tulikuwa tumelowa wote. Akaniambia, "Sitakuamulia. Ukibaki, kituo kitabaki. Boti itakayofuata, niletee jibu." Akaondoka kesho yake.

Nikwambie ukweli, nilichagua Issenye. Nilikuwa nimeshaanza kufunga vitu vyangu kwenye boksi. Nilijiona nafuga ng'ombe Jumamosi na kuhubiri Jumapili, nikaona ni maisha mazuri. Bado naona ni maisha mazuri.

Wiki ile ile Mrefu akaugua. Alirudi ziwani asubuhi akitetemeka, wenzake wakasema ni malaria ya kawaida, wakamlaza kwenye turubai wakaenda kulala. Mama Nyangeta ndiye aliyekuja kuniita. Zahanati iko ng'ambo, na siku hiyo upepo ulikuwa umechafua ziwa kiasi kwamba hakuna nahodha aliyekubali kushusha mtumbwi. Tulimpa dawa zilizokuwepo. Tulimkanda kwa maji. Kufikia adhuhuri alikuwa hajui yuko wapi, akaanza kuomba maji, "amanche, amanche."

Mama Nyangeta akaniangalia. "Hiyo si ya kwetu."

Ni ya kwetu, nikamwambia. Nikamnywesha, nikamsemesha kwa Kikurya, na safari hii alinijibu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Itiryo."

"Mbona siku zote hukuniambia?"

"Ungewaambia kwetu."

"Ndiyo. Ningewaambia."

Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Sasa waambie."

Jina lake ni Marwa, mwana wa Mzee Wambura. Alisema waligombana na baba yake, sababu hakuitaja na sikumuuliza. Aliondoka akiwa kijana, hakurudi, hakupiga simu. Alikufa mchana ule ule, upepo ukiwa bado haujatulia. Ulitulia jioni, na nahodha akaja kutuambia sasa anaweza kwenda. Nililia, Baba. Nililia mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwafariji.

Tulimzika kesho yake. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, karibu na zizi, na huku hakuna zizi. Nilichagua mahali pa juu penye majani, ambapo mbuzi wa Mama Nyangeta hulala mchana. Niliona hapo panafanana kidogo. Wanaume walikatiza usingizi wao, wakachimba, na kaburini nilimtaja kwa jina lake, jina la baba yake na kijiji chake. Watu walishtuka. Walikuwa wamevua naye miaka yote hiyo na ndiyo kwanza wanalisikia.

Tangu siku hiyo wanaume watatu wamekuja mlangoni kwangu, mmoja mmoja, wengine wakijifanya wanaazima chumvi, wakanitajia majina ya baba zao na wanakotoka. Sikuwauliza. Wanasimama, wanasema, wanaondoka.

Basi jibu langu ni hili. Sirudi kwa sasa, na Issenye siendi. Nimemwandikia mchungaji kwa boti hii hii, na amekwishaniahidi kwamba nikibaki kituo kitabaki. Najua nakuumiza. Najua ng'ombe hawachungwi kwa maombi yangu. Nimezungumza na Chacha, amekubali kumleta kijana wa kuajiriwa na atakuja mwenyewe kila baada ya gulio kuangalia, nami nimemwambia akizembea wewe utaniambia. Hilo halitoshi, nalijua. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, ila usiache kuniitikia nikipiga simu.

Msalimie Mama, umwambie uji wa mtama alionifundisha ninaupika vibaya bado. Msalimie Chacha, na shemeji Gati anayeisoma barua hii, namshukuru kwa sauti yake. Msalimie shangazi wa Mugumu akija, na jirani yetu fundi baiskeli, ambaye bado anadai nilimwahidi samaki.

Baba, kuna jambo moja sikutaka kulisema kwa simu, na siwezi kumtuma mtu mwingine. Naomba uende Itiryo.

Nimeulizia kwa watu wa Sirari kupitia kwa Chacha, Mzee Wambura yuko hai. Chacha hakuwaambia kwa nini anauliza. Najua wewe na watu wa kule mna maneno tangu ule ugomvi wa ng'ombe wa zamani, na hukuwahi kukanyaga huko kwa hiari. Najua na mguu. Lakini mguu huo ulikufikisha Tarime kumwomba mtu akurudishie mwanao, na yule mzee hana hata ofisi ya kwenda kuulizia. Usimtume Chacha, ni kijana mno kwa habari hii. Inafaa asikie kwa mzee mwenzake.

Mwambie mwanawe hakuwa mwizi wala mlevi, alikuwa mchapakazi, na paa la kanisa letu alilipigilia yeye. Mwambie kaburi liko juu, halifikiwi na maji. Akikufukuza, rudi kesho yake. Akikukaribisha, kaa naye.

Atakuuliza kama mwanawe alikufa akiwa na mtu wa kwao karibu. Mwambie alikuwepo, na kwamba ni mwanao.

Ni mimi,
Mwita